Bi Crenshaw wa Njiapanda ya Tolbert

Siku hizi kumezuka mtindo wa kulililia duka la Enos Hallman. Watu waliohamia mijini, wenye magari na majokofu yao, wakikutana tu mazishini wanaanza: unalikumbuka lile jibini? Unaikumbuka ile harufu? Na harufu kweli ilikuwapo, asikudanganye mtu. Ukivuka kizingiti ilikupokea yote kwa pamoja, mafuta ya taa, ngozi mpya za hatamu za nyumbu, kahawa inayosagwa, tumbaku, sabuni ya kufulia. Jibini lilikaa kwenye kaunta, duara zima, pana kama gurudumu la toroli, limefunikwa chandarua. Misumari ilikuwa mapipani, majembe yamening'inia darini, makopo ya dagaa yamepangwa mpaka juu, na kwenye kona palikuwa na kidirisha cha posta. Katikati ya duka kulikuwa na jiko la chuma, na viti vimelizunguka.

Mimi simkatazi mtu kulia. Ninachoshangaa ni jinsi wanavyokumbuka jibini na kusahau viti, maana kila mtu alijua nani anakalia na nani hathubutu hata kuviegemea.

Arzula Crenshaw alijua. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya kwaya na hatua za haraka, na kazi yake ilikuwa kuku. Miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Pili, hapakuwa na mtu Njiapanda ya Tolbert, wala pengine kaunti nzima ile ya Alabama, mwenye mayai makubwa kama ya Zula, kama watu walivyomwita kwa mkato. Aliyaleta dukani kwa kikapu, akaondoka na kahawa, sukari na galoni ya mafuta ya taa, mdomo wa kopo umezibwa kwa kiazi. Alisubiri zamu yake kwa kusimama karibu na mapipa ya misumari. Akiingia Mzungu anahudumiwa kwanza. Akiingia mwingine, naye vilevile, hata awe mtoto aliyetumwa peremende. Kofia hakuijaribu kichwani, maana ikigusa nywele zake, machoni pa Wazungu ilikuwa imeshaharibika. Hayo aliyazoea tangu utotoni, kama mtu anavyozoea ngazi mbovu ya nyumbani kwake, akajua pa kukanyaga.

Sasa sikiliza mambo ya majina, kwa sababu hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Mzungu yeyote, hata awe hana suruali ya pili, ulimwita Bwana Fulani, na mkewe Bi Fulani. Mweusi aliitwa jina lake tupu. Akiota mvi wakampandisha cheo: mwanamume akawa "mjomba", mwanamke akawa "shangazi". Ukisikia hilo usidhani ni heshima. Lilikuwa neno la kumpitishia mtu pembeni ili asije akaitwa Bi. Ndiyo maana Arzula, nyumbani kwake, alimwita mumewe Bwana Crenshaw, hata wakigombana, hata chakula kikiungua. Angalau mtu mmoja duniani amwite hivyo, alisema.

Huyo Bwana Crenshaw, Obadiah kwa jina, alikuwa na kitu ambacho weusi wachache pale walikuwa nacho, yaani shamba lake mwenyewe, aliloachiwa na babake, na ndani yake chemchemi isiyokauka hata Agosti. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja, kwa hiyo kutwa alikaa barazani akiitazama chemchemi ile. Na mwingine aliyeitazama ni Dub Strickland, mwenye mashine ya kuchambulia pamba, ambaye malisho yake yalipakana nao na bwawa lake lilikauka kila kiangazi. Dub alishaomba kuuziwa zaidi ya mara moja. Obadiah alimjibu kwa upole, kofia mkononi, kwamba anashukuru lakini hapana. Dub akawa anacheka na kuondoka. Alichokosa ni kisingizio tu.

Tuje kwa mwenye duka. Enos Hallman alikuwa mtu mpole, shingo ndefu, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo. Hakumpunja mtu kahawa. Unga ulipokuja katika mifuko ya kitambaa cha maua, alimwekea Zula miwili ya ua moja, kwa kuwa alijua anashona magauni kwa mifuko ile na mmoja hautoshi. Mkewe, Bi Lettie, alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Zula ndiye aliyekwenda kumuuguza, kumgeuza, kumwosha, mpaka mwanamke wa watu akafumba macho. Baada ya mazishi Enos akabaki peke yake na paka.

Jumanne dukani hapakuwa na watu. Jumanne moja, Zula anahesabiwa mayai, Enos akakohoa, akasema, "Haya, Bi Crenshaw, leo nikupe nini?"

Zula akageuka kutazama nyuma kama kuna mtu mwingine aliyeingia.

"Usiniite hivyo, Bwana Enos. Utatuletea makubwa."

"Tuko wawili tu hapa."

"Na mlango uko wazi."

Lakini hakukataza kwa nguvu, na nisikufiche, lilimpendeza. Siku ile alirudi nyumbani anatembea kama aliyevaa viatu vipya. Basi ikawa desturi: Jumanne yeye ni Bi Crenshaw, Jumamosi, watu wakijaa, ni Zula, ni shangazi, ni wewe hapo. Mambo yakaenda hivyo miezi mingi, na hilo ndilo lililomfanya Enos alegee. Ulimi ukizoea neno haujali ni siku gani.

Ilikuwa Jumamosi ya msimu wa pamba. Duka limejaa, jiko limewashwa kwa mara ya kwanza tangu baridi iliyopita, na Dub Strickland amekaa kwenye kiti chake akikata jibini kwa kisu cha mfukoni. Zula alikuwa mahali pake penye misumari. Alitaka chimni ya taa. Enos akapanda ngazi kuzifuata juu ya rafu, mgongo kwa watu, uso ukutani, na kutoka kule juu akauliza kama alivyouliza kila Jumanne:

"Bi Crenshaw, ile ndogo au kubwa?"

Lo! Duka likanyamaza kama maji mtungini. Enos mwenyewe pale ngazini aliganda, mkono juu.

"Enos," Dub akasema taratibu, hata hakuacha kukata jibini. "Kuna bibi humu ndani? Mbona mimi sijamwona?"

Enos akaishikilia rafu.

"Jamani, tumekosa adabu. Bibi ameingia na sisi tumekaa." Dub akasimama, akavua kofia, akakisukuma kiti chake mbele ya jiko. Wenzake nao wakasimama, wengine wanacheka, wengine hawajui wacheke au la. "Karibu kiti, Bi Crenshaw."

Ulikuwa mtego mtupu. Akikaa, amekalia kiti cha Mzungu mbele ya Wazungu. Akikataa, amemgomea Dub. Zula akajikaza, akavaa ule uso wa kijinga ambao kila mweusi pale alikuwa nao kabatini.

"Ahsante, Bwana Dub," akasema. "Lakini joto lile, nikikaa hapo na kikapu changu, mayai yataanguliwa mikononi mwangu. Nitatoka humu na vifaranga."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja alikohoa tumbaku nusura imkabe. Hata Zula akacheka. Ila Dub hakucheka. Alirudisha kofia kichwani, akamtazama Enos aliyekuwa bado ngazini.

"Swali langu sijajibiwa," akasema. "Umeanza lini, na kwa nini. Hatuna haraka. Nitakuuliza tena Jumamosi ijayo."

Zula aliondoka bila chimni.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Jumapili baada ya ibada Dada Ozella, jirani yake na mwenzake wa kwaya, alimfuata mpaka uani na kupiga hodi kwa madaha: "Hodi kwa Bi Crenshaw! Mwenyewe yupo, au nizungukie mlango wa jikoni?"

"Ozella, nyamaza, nitakupiga na mwiko."

"Bora unipige wewe." Ozella akaketi, utani ukamwisha usoni. "Zula, nafua nguo za nyumbani kwa Strickland, na masikio yangu hayajaziba. Wanasema wewe ndiye uliyemlazimisha Enos. Wanasema eti mna shamba, sasa mnataka na majina. Dub anaulizia mipaka ya chemchemi mezani, mbele ya wageni, kana kwamba mmeshaondoka."

"Walicheka wote, isipokuwa mtu mmoja tu."

"Ndiyo, na ndiye huyohuyo."

Jumatatu gari la mizigo la Dub lilipita mbele ya nyumba mchana kweupe, polepole, watu wanne nyuma wameketi kimya. Likageuza, likapita tena. Obadiah alilisalimu kwa mkono wake mzima, kama alivyosalimu kila gari. Hakuna aliyerudisha salamu. Kesho yake asubuhi Zula akakuta lango la uzio limeng'olewa bawaba na kulazwa nyasini, uzuri kabisa, kama kwa mkono wa mtu aliyetumwa kazi.

"Bwana Crenshaw," akamwambia mumewe, "wananiogopesha."

"Mimi wananiogopesha tangu nizaliwe," Obadiah akajibu. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo. "Usiende tena kule. Tutakunywa maji. Kahawa si lazima."

Jumanne hiyohiyo, mchana, Enos Hallman mwenyewe akafika, ameshika chimni iliyofungwa gazetini. Alisimama chini ya ngazi za baraza, maana Mzungu akionekana amekaa kwao ingekuwa kesi nyingine.

"Bi Crenshaw," akasema, na macho yakamjaa machozi.

Zula hasira zikampanda. "Mbona neno hilo unaliweza uani kwangu tu? Huku halinisaidii kitu, Bwana Enos. Mimi nakutaka uniondolee balaa kule dukani."

"Nifanyeje?"

"Sema ulimi uliteleza. Sema ulikuwa unamwaza marehemu mkeo, ukataka kusema Bi Hallman, ukachanganya. Mjane anayemkumbuka mkewe, nani atamcheka? Hata Dub ataona aibu."

Enos akakohoa. Akalirudia lile neno kwa sauti ndogo, kama anayekariri: nilikuwa namwaza Lettie, nikachanganya. Likamkaa vizuri mdomoni. Uso ukamnyooka. "Hilo naliweza," akasema. "Kweli, hilo naliweza. Lakini uje, Zula. Ukijificha wataona una hatia. Njoo na mayai yako kama kawaida, mimi nitalisema mbele ya wote, liishe."

Obadiah alimtazama yule mtu mpaka akatokomea barabarani, kisha akasema kwamba hampendi mtu anayefurahi kupewa uongo na mtu mwingine. Lakini walikuwa na chaguo gani? Shamba lao lote, na makaburi ya wazazi wake, na maji yale, vilining'inia kwenye sentensi moja ya muuza duka.

Jumamosi Zula akapiga moyo konde akaenda. Alivaa gauni la mifuko ya unga, safi, limepigwa pasi. Njiani alikutana na watu wake wakimwambia, "Dada Zula, rudi," na yeye akiitikia, "Naenda kununua kahawa, jamani, kwani kuna nini?"

Duka halikuwa limewahi kujaa vile. Wengine walikuwa hawana hata haja ya kununua. Hakuna aliyempisha wala aliyemzuia. Walijigawa tu pande mbili, akapita katikati hadi kwenye misumari. Enos alikuwa nyuma ya kaunta akipima kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Haya, Enos," Dub akasema. Leo hakukaa. "Wiki imepita. Umeanza lini, na kwa nini?"

Enos akakohoa. Zula akamwangalia mdomo, akawa anayatamka yale maneno moyoni pamoja naye ili kumsaidia: nilikuwa namwaza Lettie. Nilikuwa namwaza Lettie.

"Nilikuwa..." Enos akaanza. Akatazama nyuso zile, watu aliowauzia mbegu na jeneza na kila kitu cha katikati. Dub akasogea hatua moja, akaegemea kaunta, akaweka kiganja juu ya mzani. Na hapo Enos Hallman akavunjika.

"Kosa si langu, Dub. Ni yeye. Alipomuuguza Lettie alisema hataki malipo, anachotaka ni kuitwa Bi. Nikawa namridhisha tu, kama unavyomridhisha mtoto. Nisingeweza kumfukuza, mke wangu anaumwa. Alitumia ugonjwa wa mke wangu."

Wazungu wakaguna. Hebu fikiri. Mwanamke aliyemwosha mkeo vidonda vya mgongo, aliyemlisha kwa kijiko, unamvisha hilo. Dub alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Pengine, kama Zula angeinamisha kichwa wakati ule, akaomba radhi, akatukanwa, akalia kidogo, angefukuzwa dukani na mambo yakaishia hapo. Mwenyewe alilifikiria hilo maisha yake yote. Kilichomshinda ni kutajwa kwa Bi Lettie.

"Bwana Enos," akasema, na ile sauti ya kwaya ikatoka yote, "usimsingizie marehemu. Bi Lettie ndiye aliyeanza. Amelala kitandani, na wewe umesimama mlangoni na bakuli la mchuzi. Akaniuliza, 'Jina la mumeo nani? Miaka yote hii silijui.' Nikamwambia. Akasema, 'Basi, Bi Crenshaw, nigeuze, mgongo unaniuma.' Akaniita hivyo mpaka roho inamtoka. Na wewe ulilia, ukasema na wewe utaniita hivyo. Mimi sikuomba kitu."

Kumwita Mzungu mwongo, mbele ya Wazungu, ndani ya duka lake. Watu waliuawa kwa machache kuliko hayo, na kila aliyekuwamo alilijua. Zula naye alilijua, maneno yakiwa bado mdomoni. Enos akawa mweupe kama unga. Na watu hawakumtazama tena Zula, walimtazama yeye, kwa sababu hapakuwa na mtu pale aliyedhani kwamba mwanamke yule amedanganya.

Dub akaondoa mkono kwenye mzani. Alipozungumza, alizungumza kwa upole, na upole ule ulimtisha Zula kuliko matusi yote aliyowahi kusikia.

"Shangazi," akasema, "nenda nyumbani ukamsaidie mumeo kufunga mizigo. Kesho jioni nitakuja na vijana kuiangalia ile chemchemi. Nisingependa kuwakuta."

Hakukimbia. Alitoka kwa mwendo wake, kikapu kizito mkononi, hakuuza hata yai moja. Nyuma yake alisikia viti vikivutwa, lakini watu hawakuketi, walikuwa wanaondoka. Tangu siku ile wakaanza kununua kwingine, kwa sababu Mzungu aliyemwita mwanamke mweusi Bi, kwa hiari yake, tena akalia, hawakuweza kumwamini hata kwa ratili ya misumari. Kabla mwaka haujaisha Enos akapigilia mbao madirishani. Wanaolililia duka lile hukuambia liliuawa na barabara ya lami. Waulize lami ilikuja lini.

Jumapili asubuhi, wenzao wakiwa kanisani, akina Crenshaw waliondoka. Ozella na mumewe walikuja kusaidia, hakuna aliyetania. Walimlaza Obadiah juu ya godoro katika mkokoteni, wakaweka sufuria, cherehani, vizimba vya kuku. Vingine viliachwa. Zula akashika hatamu za nyumbu na hakugeuka nyuma, kwa sababu mumewe alikuwa amelala uso ukielekea huko na alitosha kuangalia kwa ajili ya wote wawili.

Walivuka daraja la mto kabla Obadiah hajafungua mdomo.

"Ozella ameniambia ulichosema kule."

"Nilisema kweli, Bwana Crenshaw."

"Najua." Magurudumu yakapita juu ya mawe, kuku wakalalamika. Obadiah alikuwa akilia kwa jicho lile moja ambalo bado lilimtii. "Ungenyamaza, Zula, pengine tungebaki."

Alingoja ajibiwe. Zula alitafuta jibu njia nzima mpaka kituo cha treni, akalitafuta Cleveland, kule kaskazini, majira mawili ya baridi aliyoishi naye huko kabla hajamzika kwenye ardhi ya kukodi, na hakulipata.